Mali bila Daftari: Jembe, Kipande na Kitabu katika Nyeri

Msomaji, ukifungua ramani ya Kenya utauona mji wa Nyeri umekaa kati ya milima miwili mikubwa. Mashariki yake ni Mlima Kenya, ambao kilele chake kina urefu wa meta 5,199. Magharibi yake ni safu ya Nyandarua. Maji ya milima hiyo hushuka kwa mito ya Chania, Gura, Ragati na Sagana, nayo huikata nchi kuwa migongo na mabonde yasiyo na idadi. Udongo ni mwekundu, na mvua hutosha, ila katika tambarare kavu za Kieni. Nchi kama hii haina budi kuwa nchi ya wakulima. Lakini habari za wakulima wake haziwezi kuelezwa kwa jembe peke yake. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Insha hii yataka kukuonyesha jinsi maneno hayo yalivyotimia katika wilaya moja, na kwa nini wazazi ambao wenyewe hawakujua kusoma walikubali kubeba mawe ya kujengea shule.

Zamani mtu wa Nyeri hakuhitaji karatasi. Ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo wa watu waliotokana na babu mmoja aliyeifyeka au kuinunua. Mipaka ilijulikana kwa mito, kwa miti na kwa mimea ya itoka iliyopandwa makusudi, na ushahidi wake ulihifadhiwa katika vichwa vya wazee. Kazi nayo ilikuwa na mgawanyo wake. Wanaume walifyeka msitu, wakavunja ardhi ngumu, wakajenga nyumba na kulinda mifugo. Wanawake walipanda, wakapalilia, wakavuna na kuweka akiba ghalani. Kazi ilipozidi nguvu za nyumba moja, jirani walikusanyika kwa ngwatio, wakalima shamba la huyu leo na la yule kesho. Hapakuwa na mshahara. Kumbukumbu ya wazee ndiyo iliyokuwa daftari, nayo ilitosha maadamu kila aliyekuwa na shauri alikubali kuwasikiliza wazee hao.

Mwaka 1902 Waingereza walijenga ngome yao karibu na kilima cha Nyeri, baada ya kupigana na watu wa Tetu. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kutungwa mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hili. Kodi ilitakiwa kwa fedha, lakini katika shamba la mtama na maharagwe fedha hazikuota. Kahawa ingaliweza kuleta fedha, lakini kwa miaka mingi Waafrika wa Nyeri walizuiwa kuipanda. Masetla walisema kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa ya mimea. Walichoogopa zaidi ni kukosa vibarua, kwa kuwa mtu mwenye kahawa yake hawezi kushurutishwa kuchuma ya mwingine. Basi njia iliyobaki ilikuwa kuuza nguvu za mikono.

Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 viliwachukua maelfu ya wanaume kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limesalia katika mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Vita vilipokwisha, mashamba ya masetla yaliongezeka upande wa Nanyuki, na vibarua wakatakiwa zaidi. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey aliwaagiza maofisa na machifu wawahimize wanaume waende kazini. Na palipokuwa na mashamba ya karibu, hata wanawake na watoto walitakiwa wahimizwe. Wewe wajua jinsi himizo la mkubwa linavyogeuka kuwa amri likimfikia mdogo.

Hapo ndipo karatasi ilipoingia katika maisha ya mkulima, nayo haikuingia kama rafiki. Sheria ya kipande iliyotungwa mwaka 1915 ilianza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuchukua karatasi yenye jina lake na alama za vidole vyake. Bwana aliyemwajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Asipotiwa sahihi ya kuondoka, hakuweza kuajiriwa penginepo, na akitoroka alihesabiwa kuwa mhalifu. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni. Kwa hiyo mtu alitembea na habari zake mwenyewe kifuani, wala hakuweza kuzisoma. Mwandikaji alikuwa mwingine, na msomaji alikuwa mwingine. Yeye alikuwa mbebaji tu.

Si ajabu, basi, kwamba waliokuwa mbele kuupinga utaratibu huo walikuwa wafanyakazi waliojua kusoma. Mwaka 1921 masetla walipoazimu kupunguza mishahara kwa thuluthi moja, Harry Thuku aliandika na kuhutubia dhidi ya jambo hilo, na dhidi ya kipande, kodi na kazi ya lazima ya wasichana mashambani. Thuku alikuwa amepanga herufi katika kiwanda cha gazeti, kisha akawa karani wa simu Nairobi. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi. Mwaka 1928 gazeti la Kikuyu liitwalo Muigwithania lilianza kutolewa, mhariri wake akiwa Jomo Kenyatta. Na ilipoundwa Tume ya Ardhi mwaka 1932, mbari nyingi zilipeleka madai yao kwa maandishi. Sasa kumbukumbu za wazee peke yake hazikutosha. Mzee alitamka mipaka ya babu zake, na kijana aliyesoma akaiandika. Katika kazi hiyo wawili hao walihitajiana, wala hapana aliyeweza kumdharau mwenziwe.

Wamisheni wa Kanisa la Scotland walikuwa wamefungua kituo Tumutumu, Mathira, mwaka 1908, na mapadre wa Consolata walikuwa na shule zao katika nchi ya Tetu. Shule hizo zilitoa walimu, makarani na wauguzi. Lakini mwaka 1929 ulitokea ugomvi mkubwa kati ya misheni na wazazi wengi kwa sababu ya desturi ya kuwatahiri wasichana. Wazazi wengi walitoka, wakaanza shule zao wenyewe zisizotawaliwa na misheni, na katika miaka ya 1930 shule hizo zikajiunga katika vyama. Ugomvi ulianza kwa desturi, ila shule hazikuendeshwa kwa ugomvi. Ziliendeshwa kwa fedha za vibarua na kwa migongo ya wanawake waliobeba maji, mawe na majani ya kuezekea. Mwaka 1939 kilifunguliwa chuo cha Githunguri, Kiambu, ili shule hizo zipate walimu wake. Ile ngwatio ya zamani ilikuwa imepata shamba jipya.

Vita Vikuu vya pili vilileta somo jingine. Serikali ilitaka mboga kavu kwa ajili ya askari, ikajenga kiwanda cha kukaushia mboga Karatina. Wakulima walipewa soko la kabeji, karoti na viazi, wakaonyesha kwamba wakipata bei wanajua kulima. Vita vilipokwisha kiwanda kilifungwa, na wakulima wakavunjika moyo. Walijifunza kwamba soko likiwa mikononi mwa mwingine, jasho la mkulima laweza kupoteza thamani yake siku moja.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari, na Nyeri ikawa katikati ya moto. Shule za kujitegemea zilifungwa, na chuo cha Githunguri pia. Kiongozi wa msituni, Dedan Kimathi, aliyezaliwa Tetu mwaka 1920, alikuwa amesoma Tumutumu, akawa mwalimu na karani kabla ya kuingia vitani. Hata msituni aliandika barua na kuweka kumbukumbu. Alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Mwandishi Gakaara wa Wanjau, mtoto wa Nyeri, aliwekwa kizuizini kwa miaka mingi, naye akaandika habari zake kwa siri. Alipofunguliwa aliendesha kazi ya uchapishaji Karatina, na shajara yake iliyochapishwa mwaka 1983 ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Wakati huo huo wa vita zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu, wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Wanawake walichimba mahandaki na matuta kwa amri, na mashamba yao yakangoja.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya taabu ardhi ilipopimwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliagiza vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe, kila mwenye shamba apewe hati, na Waafrika waruhusiwe kupanda mazao ya fedha. Faida yake haikanushiki. Mtu aliyekuwa na vipande sita katika migongo minne alipata shamba moja aliloweza kulitunza. Lakini mpango wenyewe ulitazamia kwamba wakulima hodari au matajiri wangeongeza ardhi, na wengine wangebaki bila kitu. Tena wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni wakati kamba ya kupimia ilipovutwa. Asiyekuwapo, asiyekuwa na wa kumsemea, na asiyejua kusoma kilichoandikwa, alikuwa katika hatari ya kupunjwa. Na hati iliandikwa, karibu kila mara, kwa jina la mwanamume. Mwanamke, ambaye mkono wake ulikuwa umeishika ardhi ile kila msimu, hakuonekana katika daftari.

Baada ya hapo kahawa na chai zilienea. Mwaka 1957 kiwanda cha chai cha Ragati, Mathira, kilianza kusindika majani ya wakulima wadogo. Vyama vya ushirika vilijenga viwanda vya kumenyea kahawa kando ya mito. Huko, msomaji, kusoma kulipata maana ya kila siku. Mkulima humwaga kahawa yake, karani hutazama mizani na kuandika kilo katika risiti, na malipo huja baada ya miezi mingi. Kati ya mizani na malipo kuna makato ya mbolea, ya dawa, ya mkopo na ya gharama za chama. Asiyeweza kuisoma risiti hana silaha ila kuamini.

Mfano wa mtoto mmoja utakueleza mengi. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Baba yake alifanya kazi katika shamba la setla upande wa Nakuru, ambako hapakuwa na shule ya kumfaa. Mama alirudi Ihithe na watoto, na ndugu yake mkubwa ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari naye haendi shuleni. Swali hilo dogo lilimfikisha mbali. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini. Na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wanawake wale walipanda miche kama walivyozoea kupanda maharagwe, lakini safari hii waliihesabu na kuiandika iliyostawi, wakalipwa kwa hesabu hiyo. Jembe na daftari vilikuwa vimeshikwa na mkono mmoja.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu wa Nyeri waliendelea kujenga shule kwa harambee. Baridi kali iliyoua kahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei, na katika mwaka 1976 na 1977 nyumba nyingi zilipata mabati na watoto wengi wakapata karo. Lakini mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya viwango vya kuuza kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na baadhi ya wakulima wakang'oa mikahawa yao. Hapo wazazi wengi walizidi kuiona shule kuwa mlango wa kutokea shambani. Kijana aliyefaulu alikwenda mjini, na jembe likabaki kwa mama na nyanya.

Hii ndiyo hasara iliyojificha ndani ya faida. Wazee hawakujenga shule ili elimu iihame ardhi. Waliijenga ili ardhi na jasho visiibwe kwa maandishi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 759,164 katika Nyeri, na mashamba yaliyopimwa katika miaka ya 1950 yamegawanywa mara nyingi tangu wakati huo. Shamba dogo lahitaji akili zaidi kuliko shamba kubwa: kujua udongo, bei, mkopo na sheria. Katiba ya mwaka 2010 imeagiza kuondolewa kwa ubaguzi kati ya wanawake na wanaume katika mambo ya ardhi. Lakini sheria isiyosomwa hufanana na kile kipande kilichofungiwa ndani ya bati.

Basi utakapokwenda likizo, mwombe nyanya yako akuonyeshe risiti za kahawa au za chai. Jumlisha kilo, toa makato, ukalinganishe na fedha alizopokea. Kisha uliza hati ya shamba imewekwa wapi, na imeandikwa majina ya nani. Umsomee yote kwa sauti, polepole, mpaka aridhike.