Safu ya Lugha: Kekee si keezo

Siku hizi nasikia mafundi wa gereji wakisema "tunaikereza" stadi ya ekzosi iliyokatikia ndani ya silinda hedi. Hapana, hiyo ni kutoboa kwa kekee. Katika kukereza, kinachozunguka ni kitu chenyewe, kimebanwa kwenye keezo, na kisu kinakichonga. Kekee huzunguka yenyewe, kitu kimetulia.

Neno kekee ni la kale. Maseremala wa pwani waliizungusha kekee kwa uta, na kila sehemu ilikuwa na jina lake: chuma cha kutobolea ndicho kekee, mti kilimochomekwa ni msukano, kishikio cha juu ni jivu. Umeme umechukua nafasi ya uta, kazi ni ile ile. Kwa stadi iliyokatika, fundi hodari hutoboa kwanza kipande cha bamba nene, akakifunga kwenye stadi za jirani, ili kekee ishuke katikati kabisa isije ikala nyuzi za tundu.

Na stadi msiiite bolti. Bolti ina kichwa. Stadi haina, ina nyuzi ncha zote mbili. Mafundi, semeni kutoboa; kukereza waachieni wenye keezo.