Kigunduzi cha metali: kutoka kitanda cha rais hadi shamba la Hoxne

Kile kifimbo anachokupitishia bawabu mlangoni mwa supamaketi, kikalia, ukatoa simu na funguo, ukaingia zako, kina historia ndefu. Kina pia kaka yake mkubwa: fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini na spika za masikioni juu. Uingereza kuna maelfu ya watu ambao wikendi ikifika hubeba kaka huyo na kwenda kutembea polepole katika mashamba yaliyolimwa, wakisikiliza udongo. Rafiki yangu mmoja ameniuliza tangu mwaka jana kwa nini sisi wawili tusinunue kimoja tukatafute dhahabu Gede. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa yeyote mwenye wazo kama hilo.

Tuanze na Alexander Graham Bell, yule wa simu. Julai 2, 1881 rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi ilikaa wapi mwilini. Eksirei haikuwa imegunduliwa bado. Bell akatengeneza kifaa cha koili na kipokea sauti cha simu, akaenda nacho hadi kitandani kwa rais. Hakikufaulu. Kitanda chenyewe kilikuwa na springi za chuma zilizovuruga sauti, na daktari mkuu alimruhusu kupima upande wa kulia tu, kwa sababu alikuwa ameshaamua risasi iko huko. Ilikuwa kushoto. Garfield akafariki Septemba 19. Sisi waandishi wa programu tunamjua mteja wa aina hiyo: anakuita utafute kosa, kisha anakukataza kufungua faili lilipo.

Wazo lenyewe ni rahisi. Mkondo wa umeme unaobadilika-badilika ukipita kwenye koili hutengeneza uga wa sumaku. Uga huo ukigusa metali, ndani ya metali huzaliwa mikondo midogo, nayo hutengeneza uga wake wa kujibu. Kifaa husikiliza jibu hilo. Shaba, fedha na chuma hujibu kwa kuchelewa tofauti, na hapo ndipo programu za siku hizi zinapofanya kazi ya kutenganisha msumari na sarafu.

Katika miaka ya 1930, Gerhard Fisher, mhandisi mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeishi California, aligundua kwamba mitambo yake ya redio ya kuelekeza ndege ilidanganyika karibu na vitu vya metali. Badala ya kulalamika, akaugeuza udhaifu huo kuwa bidhaa, na hataza yake ikatolewa 1937. Vita vikaja. Luteni Mpolandi Józef Kosacki, akiwa Scotland, akabuni kigunduzi cha mabomu ya ardhini, na kufikia vita vya El Alamein mwaka 1942 vifaa 500 vya aina hiyo vilikuwa vimepelekwa Misri. Hakudai hataza. Vita vilipokwisha, vigunduzi vya jeshi viliuzwa kwa bei ya chini kama mabaki, na hapo ndipo raia wa kawaida walipoanza kuokota historia kwenye mashamba.

Sasa twende Hoxne, kijiji cha Suffolk. Novemba 16, 1992 mkulima Peter Whatling alikuwa amepoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mtunza bustani mstaafu mwenye kigunduzi, amsaidie kuitafuta. Lawes akasikia mlio mkali, akachimba, akatoa sarafu na vijiko vya fedha. Halafu akafanya jambo ninalolisifu kuliko ugunduzi wenyewe: akaacha kuchimba. Wakapiga simu, na wanaakiolojia wakaja wakaondoa vitu kwa mpangilio, tabaka kwa tabaka.

Ndiyo maana leo tunajua kwamba hazina hiyo ilifungashwa kwa makini ndani ya sanduku la mbao. Zilikuwemo sarafu 14,865, za mwisho zikiwa za mwaka 407 au 408, wakati utawala wa Warumi Uingereza ulipokuwa ukiporomoka. Kulikuwa na bangili ya dhahabu yenye jina la mwanamke, Juliane, na dua ya kumtakia heri. Kulikuwa pia na vichupa vinne vya fedha vya kutilia pilipili manga, ile iliyotoka India ikivuka bahari yetu hii ya Hindi. British Museum ilinunua hazina kwa pauni milioni 1.75. Lawes aligawana zawadi yake na Whatling. Nyundo nayo ilipatikana, na siku hizi iko makumbusho pamoja na dhahabu.

Watu husoma habari hii wakaona pauni tu. Mimi naona metadata. Sarafu isiyojulikana ilitoka wapi ni kama rekodi ya logi isiyo na saa wala jina la mashine: ipo, lakini haikuambii kitu. Angalia Maurie Isenberg, askari wa Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada. Mwaka 1944 aliokota sarafu tisa ufukweni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, bila kifaa chochote. Akaziweka miaka mingi. Zilipochunguzwa baadaye, tano zilikuwa za Kilwa! Sarafu za Mswahili, upande wa pili wa bahari. Zilifikaje? Wataalamu bado wanabishana, na wanachokitegemea sana ni ramani aliyoweka alama ya X mahali alipoziokota. Bila X hiyo, zingekuwa vipande vya shaba kwenye kopo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, Gede hatuendi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kikiwa ardhini ni mali ya serikali, na kuvitafuta vitu hivyo kunahitaji leseni. Wako wanaoona sheria hii ni kali mno. Mimi naona Uingereza wana faida moja tu tusiyo nayo: tangu 1997 wana mpango ambapo mwokotaji hupeleka alichopata, kikapigwa picha na kuandikwa mahali kilipotoka, na rekodi zimepita milioni moja. Hifadhidata kama hiyo ya pwani yetu ningeijenga bure.

Wakati huo huo, nimezungusha waya wa shaba kwenye sinia kuukuu na kuuunganisha na mikrokontrola ya bei rahisi. Programu inahesabu mitetemo, na hesabu ikibadilika taa inawaka. Sarafu ya shilingi 20 inaonekana kwa umbali wa vidole vinne. Binti ya dada yangu alidondosha hereni kwenye nyasi Jumapili, tukaipata pamoja na vizibo sita vya soda na kijiko kimoja. Alicheka kwa kile kijiko kuliko hereni. Nikipunguza kelele za waya wa stima wa jirani, nitaweka hapa mistari yote ya programu.