Wimbo wa Luther Jukwaani Paris

Tarehe 29 Februari 1836 opera iitwayo Les Huguenots ilichezwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Opera la Paris. Muziki ulitungwa na Giacomo Meyerbeer, Myahudi wa Prussia. Maneno yaliandikwa hasa na Eugène Scribe. Kisa chake chahusu mauaji ya Waprotestanti wa Ufaransa, Sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, mwaka 1572. Wakaguzi wa serikali walikataa Malkia Catherine de Médicis asionyeshwe jukwaani.

Lakini linalotugusa sisi Walutheri ni Marcel, mtumishi mzee Mhugenoti, aimbaye wimbo wa Luther wa Zaburi ya 46. Kihistoria jambo hili si sahihi, kwa maana Wahugenoti walikuwa wafuasi wa Calvin, nao walikuwa na Zaburi zao za Kifaransa. Mwaka 1837 Robert Schumann alilalamika vikali kwamba wimbo wa ibada umeingizwa katika maigizo. Hatukubaliani naye kabisa. Katika tendo la mwisho wanawake waliokimbilia kanisani wanauimba huku wauaji wakiingia, mpaka sauti zao zinakatika. Hapo hatuoni dhihaka yoyote.