Bumu, laptopu ya mtumba na historia ya kadi za picha kwenye Linux

Bumu limeingia, na tangu juzi naulizwa swali moja tu: laptopu ya mtumba ya kuweka Linux iwe na kadi gani ya picha? Mimi nasomea ualimu wa historia, kwa hiyo jibu mtalipata kihistoria, mnivumilie.

Kuna kitu kinaitwa draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi. Draiva huria huwa ndani ya kerneli ya Linux na inahama nayo toleo hadi toleo. Ile ya kufungwa inaishi kwa hisani ya kampuni iliyoitengeneza. Wakiichoka kadi yako, basi tena.

Intel waliwahi. Agosti 2006 walitoa draiva huria ya chipu zao za 965. Mtego ni GMA 500, iliyotoka 2008 kwenye vilaptopu vidogo: jina Intel, ndani ni PowerVR ya watu wengine, na draiva yake ilikuwa balaa. Ukiiona, pita.

ATI walikuwa na draiva ya kufungwa, fglrx, iliyolalamikiwa miaka nenda rudi. AMD wakainunua kampuni mwaka 2006, na Septemba 2007 wakaanza kutoa hadharani nyaraka za kadi zao. Haikuwa kazi ya siku moja jamani! Draiva yao ya amdgpu iliingia kwenye kerneli 4.2 mwaka 2015.

Sasa NVIDIA... hapo ndipo kuna utamu. Draiva yao ya kufungwa ilikuwa na nguvu kweli, tusiwaonee. Ila siri za kadi hawakutoa, ikabidi watu wa kujitolea wawe wanachungulia ile draiva inaiandikia nini kadi, halafu wanaigiza. Ndivyo ilivyozaliwa nouveau, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.33 mwaka 2010. Mwaka huohuo NVIDIA wakaleta Optimus: laptopu moja kadi mbili, ya Intel kwa kazi nyepesi, ya NVIDIA kwa kazi nzito, ili betri idumu. Kwenye Windows safi. Kwenye Linux ikaachwa yatima, mpaka watu wakajitungia Bumblebee mwaka 2011. (Skripti yake ya kusakinisha iliwahi kuwa na nafasi moja iliyozidi, ikawa inafuta folda nzima ya /usr. Nafasi moja tu bwana!) Juni 2012 Linus Torvalds, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto kule Finland, akawaonyesha NVIDIA kidole cha kati mbele ya kamera.

Mei 2022 NVIDIA wakafungua sehemu ya draiva inayokaa kwenye kerneli, lakini kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing, cha 2018. Kwa mwenye hela ya bumu hiyo haisaidii sana, maana za mtumba nyingi ni za zamani zaidi. Kadi za Kepler za 2012, kwa mfano, zilitupwa na draiva ya 495 mwaka 2021. Umebaki na nouveau. Intel ya mwaka uleule bado inapokelewa na kerneli mpya bila kusakinisha chochote.

Kwa hiyo mkienda Kariakoo, bebeni flashi yenye Linux, mwashe mashine kabla ya kutoa hela, muandike lspci. Muuzaji akikataa, duka la pili liko palepale jirani.