Njia Mbili za Fisi

Wazee wetu walituachia kisa cha fisi aliyefika njia panda akanusa harufu ya nyama pande zote mbili. Kwa tamaa akataka kuzifuata njia zote kwa pamoja, mguu huku na mguu kule, hata akapasuka msamba. Methali hii niliifundisha miaka mingi, na kila darasa lilicheka. Lakini ndugu msomaji, iko siku taifa zima lilisimama pale aliposimama fisi, na mambo hayakuwa ya kuchekesha.

Mwezi Septemba mwaka 2000 Tanzania ilijitoa katika Soko la Pamoja la Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, yaani COMESA. Wakati huo tulikuwa pia wanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, na Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulikuwa umeanza kutumika mwezi Julai. Vyama vitatu, ada tatu, mikutano isiyokwisha. Tena tarehe 31 Oktoba mwaka huo nchi tisa za COMESA zilikuwa zinakaribia kufutiana ushuru. Hazina yetu iliutegemea ushuru wa forodha, na viwanda vyetu vilikuwa bado dhaifu.

Hapa yafaa nieleze jambo moja la kitaalamu. Nchi zikikubaliana tu kutotozana ushuru, kila moja hubaki na uhuru wa kuwatoza wageni ipendavyo. Lakini zikiunda umoja wa forodha, zinakuwa kama nyumba kadhaa zenye ua mmoja: bidhaa ya mgeni hutozwa kiwango kilekile popote inapoingilia. Nyumba moja haiwezi kuwa ndani ya nyua mbili zenye viwango tofauti. Hiyo ndiyo sheria ya fisi katika biashara.

Basi kwa nini tuliacha COMESA tukashika SADC? Mimi naamini hesabu peke yake haikutosha kuamua. Kumbukumbu nayo ilikuwa na kura yake. SADC ilitokana na mkutano wa Lusaka wa Aprili 1980, nchi huru za kusini zilipoungana ili zisiitegemee Afrika Kusini ya makaburu. Tulikuwa wa mstari wa mbele. Tulikuwa tumekwisha kujenga reli ya TAZARA pamoja na Zambia na Wachina. Undugu wa namna hiyo hauvunjwi kwa barua. Ajabu ya historia ni kwamba Afrika Kusini ilijiunga mwaka 1994, na chama kilichoundwa kuikwepa kikawa mlango wa bidhaa zake.

Kumbukumbu ya pili ilikuwa chungu zaidi. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1967, ilikufa mwaka 1977. Sisi walimu tuliona nyufa mapema. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika mwaka 1970. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa Baraza letu la Taifa. Halafu Februari 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege, nasi tukafunga mpaka. Ulifunguliwa Novemba 1983, na mwaka uliofuata ndipo tukamaliza kugawana mali. Kwetu huku Magoma, chini ya milima ya Usambara, Mombasa ni karibu kuliko Dodoma. Kwa miaka hiyo ikawa mbali kama Ulaya. Ndugu walikuwa pande zote mbili za mpaka, na mazishi hayakusubiri mawaziri waelewane.

Wengine nao wamepita njia panda hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Armenia, nchi ndogo iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, ilijadiliana kwa miaka na Umoja wa Ulaya. Septemba 2013 rais wake alikwenda Moscow akatangaza kuwa wataingia umoja wa forodha wa Urusi. Walihitaji ulinzi wa Urusi dhidi ya jirani yao Azerbaijan. Moldova ilishika njia ya Ulaya, na mwezi huohuo Urusi ikazuia mvinyo wake. Ulinzi ambao Armenia iliutegemea haukuzuia Azerbaijan kuitwaa Nagorno-Karabakh yote Septemba 2023. Sisi tulipojitoa COMESA hakuna aliyetuadhibu. Hiyo ni neema tusiyoitaja.

Je, tulipoteza? Wapo wenye viwanda waliolalamika. Lakini tazama ramani. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi tunakutana nazo katika Jumuiya yetu, ambayo umoja wake wa forodha ulianza Januari 2005. Zambia, Malawi na Kongo tunakutana nazo SADC. Waliobaki nje ya milango yetu miwili ni kama Misri na Ethiopia. Nao majirani zetu waliotia mguu huku na kule hawakupasuka msamba, kwa kuwa umoja wa forodha wa COMESA, uliozinduliwa mwaka 2009, haukuwa na nguvu ya kuwalazimisha kuchagua. Mwaka 2015 vyama vyote vitatu vilitia saini mkataba wa eneo huru moja la biashara, nao ukaanza kutumika Julai 2024. Njia zile mbili, kumbe, zinataka kukutana mbele.

Hata hivyo, kuwa ndani ya ua mmoja si dawa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ingawa tu wanachama wa Jumuiya moja, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti. Aprili 2025 sisi nasi tulizuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi, wenzetu wa SADC, tukidai wao ndio waliotangulia kuzuia yetu. Siku chache tukaondoa zuio. Kwa waziri, siku chache ni jambo dogo. Kwa mwenye lori la nyanya au kabichi kutoka Lushoto, siku tatu ni mtaji wote.

Ndiyo maana naona swali la kuchagua chama limetushughulisha mno kuliko swali la nani anajua kilichoandikwa. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu rahisi kwa mfanyabiashara mdogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizoorodheshwa na zilizozalishwa kwetu, hupewa cheti chepesi palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Mama anayepita Horohoro na magunia yake asipolijua hilo, atapita njia za panya na kuhonga, huku mkataba umekwisha kumfungulia lango. Agosti 2019 SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Tulishangilia, na ilistahili. Sasa mikataba yenyewe na isomwe kwa lugha hiyo vijijini, ili mwenye kubeba mzigo ajue njia aliyochaguliwa.