Mara kwa Miguu: Vilima na Misitu ya Musoma, Bunda na Butiama

Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Rais Julius Nyerere aliondoka Butiama kwa miguu kuelekea Mwanza, kwenye mkutano wa TANU. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 200. Leo njia hiyo hupitwa na mabasi kwa saa chache, na abiria wengi hawajui kwamba vilima wanavyoviona dirishani vina historia ndefu kuliko barabara yenyewe.

Mzazi wa Musoma au Bunda akifikiria kuwapeleka watoto porini, kwanza huiwaza Serengeti. Ina haki ya kuwazwa: lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na nyumbu hupita ukanda huo wa magharibi kila mwaka. Lakini tangu Serengeti ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, mgeni huitazama akiwa garini, na hushuka pale tu panaporuhusiwa. Kabla ya hapo Waikoma, Wanata na Waikizu walikatiza nyika hiyo kwa miguu wakiwinda na kutafuta chumvi. Mtoto anayetaka kuijua nchi kwa nyayo zake itambidi aanzie nje ya mpaka wa hifadhi.

Mahali pa kuanzia ni Butiama. Pale Mwitongo, penye majabali yaliyopandana, ndipo Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alipokuwa na boma lake hadi alipofariki mwaka 1942. Mwanawe Kambarage, ndiye Rais Julius Nyerere, alizaliwa hapo Aprili 1922, akachunga mbuzi wa baba yake kwenye miamba hiyo, na alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi hapo hapo kulima. Oktoba 1999 akazikwa hapo, karibu na wazazi wake. Mwaka huo huo ndipo Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yalipofunguliwa, kwa hiyo familia inaweza kuona zawadi na picha ndani, kisha ikatoka nje kukanyaga ardhi yenyewe.

Jirani na boma kuna msitu wa Muhunda. Wazee wa Kizanaki waliulinda kwa miiko, wakiuamini kuwa makao ya mzimu wa mahali pale. Hapakuwa na askari wa misitu wala faini ya mahakama, bali hofu na heshima, na miti ikasimama huku vilima vya jirani vikikatwa kuni. Mtoto akiuona msitu huo atajifunza juu ya hifadhi jambo ambalo kibao cha "Usikate Miti" hakimfundishi. Septemba 1961 mwana wa Butiama alitoa ile Ilani ya Arusha, akiahidi kwamba Tanganyika itatunza wanyama na mapori yake. Ulinzi huo haukuwa mgeni kwake, aliukuta nyumbani.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilomita 40 kutoka kwao. Huko Mwalimu James Irenge alimfundisha. Shule ingali ipo. Familia inayotembea Musoma inaweza kuanzia hapo, ikapanda kilima cha Mukendo kuutazama mji ulivyojipenyeza ziwani, kisha ikateremka hadi miamba ya Matvilla kwenye ncha ya rasi. Watoto waangalie mawe na ndege, lakini wasiachwe kuogelea ovyo: kichocho kimo majini, na mamba pia. Mashariki ya mji, Mto Mara huingia ziwani kupitia mabwawa ya mafunjo. Tangu mwaka 2012 kila tarehe 15 Septemba ni Siku ya Mara, inayoadhimishwa na Kenya na Tanzania kwa ajili ya mto huo.

Bunda nayo ina mlima Balili juu ya mji, na mashariki, upande wa Ikizu, Mlima Chamriho. Masimulizi ya Waikizu yanasema shujaa Muriho aliwashinda Wahengere, wenyeji wa kale wa huko, na mlima ukabaki na jina lake. Yanasimulia pia habari za Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa kuleta mvua, aliyekutana na mwindaji Isamongo, na utawala wa Ikizu ukamwangukia Nyakinywa. Hadithi hiyo ni tamu kuisikia kwa mzee wa Ikizu huku mlima ukionekana.

Kinachokosekana katika njia hizi ni matunzo: vibao, vyoo, na vijana wa kijiji waliofundishwa kuongoza wageni. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zingeweza kuyatoa kwa gharama ndogo kuliko ile ya kujenga lango jipya la hifadhi. Wazazi wasisubiri. Ondokeni asubuhi kabla jua halijakolea, vaeni viatu vya kufunika vidole, bebeni maji, na popote mnapopanda mtafuteni mwenyeji awatangulie. Mkiingia Muhunda, msichukue hata tawi.