Cheo ni Dhamana

Nyumba yenye wenyewe haikosi mlango, na mlango haukosi mlinzi. Taifa nalo ni nyumba. Katika nchi yetu kazi ya kumlinda raia, kumpokea au kumzuia mgeni, kumtunza mfungwa na kumsitiri mkimbizi imekabidhiwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Chini yake wamo Polisi, Magereza, Uhamiaji, na Zimamoto na Uokoaji. Yafaa basi tujiulize: mlinzi huyu alitoka wapi, naye humjibu nani?

Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa na Waingereza mwaka 1919. Makao yake makuu yalikuwa Lushoto, hata yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1930. Mwaka uliofuata Magereza yalitengwa na Polisi. Vyombo hivyo havikuundwa kwa ajili ya mwananchi. Vililinda amri ya mkoloni: kodi ilipwe, mali ya mlowezi isiguswe, mnyonge anyamaze. Ndiyo maana wazee wetu walipoiona kofia ya askari ikichomoza walishika njia ya porini. Hawakuwa wezi, walikosa shilingi za kodi tu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 tulirithi majengo, sheria na sare. Bendera hubadilishwa kwa usiku mmoja; tabia haibadiliki hivyo. Mlangoni tulijenga sifa njema: wakimbizi wa Rwanda na Burundi walipewa ardhi wakalima, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen. Lakini ndani ya nyumba mtihani mkubwa ulikuwa umekwisha kutufika.

Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuyakomesha mauaji hayo. Hata hivyo, katika msako wa mwaka 1976 watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa maofisa wa dola. Waliotumwa kulinda uhai wakautoa.

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu. Angaliweza kusema kwamba Shinyanga ni mbali, na kwamba hakuarifiwa. Hakusema hivyo. Mwaka 1977 alijiuzulu, akikubali kwamba kosa la walio chini ya wizara yake lilikuwa juu yake. Viongozi wengine nao waliachia nyadhifa, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Wako waliodhani kwamba jina lake limezikwa. Kumbe lilikuwa limepandwa. Mwaka 1984 aliongoza Zanzibar, na mwaka 1985 wananchi walimchagua kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mwaka ule wa 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu, na humo ni marufuku mtu kuteswa.

Ahadi ya mwana-TANU ilitufundisha kwamba cheo ni dhamana. Maneno hayo ni mepesi kukaririwa darasani, na ni mazito mtu anapoyalipia kwa kiti chake. Kujiuzulu kwa waziri hakukumrudisha marehemu hata mmoja kwa watoto wake. Jambo hilo tusilisahau tunapomsifu. Lakini kulimwonyesha kila askari mwenye rungu, na kila ofisa mwenye muhuri mpakani, kwamba aliye mbele yake ni mtu, na kwamba mwenye nyumba ni raia. Vijana wetu, kesho sare hizo mtazivaa ninyi. Utu mtauvaa pia?